Mti wa Uani na Haki ya Kuuaga

Miongoni mwa maswali yanayouhusu utu wa binadamu, yapo yanayoonekana makubwa tangu mwanzo, kama vile haki, uhuru na kifo. Yapo na mengine yanayojificha katika mambo ya kila siku, hata tukayapita bila kuyaona. Swali tunalotaka kulijadili hapa ni la namna hii ya pili. Mti uliopandwa uani na wazee, ukatoa kivuli na matunda kwa vizazi viwili au vitatu, unapofikia siku ya kukatwa, je, wanaoukata wana wajibu wowote zaidi ya kunoa shoka? Na kama wanao, wajibu huo ni kwa nani: kwa mti wenyewe, kwa marehemu aliyeupanda, au kwa wale waliobaki hai na kumbukumbu zao?

Tutalitazama swali hili kutoka Izia, mojawapo ya kata za mji wa Sumbawanga. Mahali hapa panafaa kwa sababu ya maumbile yake. Uwanda wa Ufipa uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kati ya bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Sehemu kubwa ya uwanda huo ni mbuga ya majani inayopigwa na upepo, na wakati wa kipupwe baridi yake hupenya mpaka mifupani. Penye msitu, mti mmoja ni mmoja kati ya elfu. Penye mbuga, mti uliosimama karibu na nyumba ni habari kamili: yupo mtu aliyeuchimbia shimo, akauzungushia miiba mbuzi wasiule, akaunywesha maji yaliyobebwa kichwani. Mtu huyo aghalabu anajulikana kwa jina. Kwa hiyo mti wa nyumbani, katika nchi ya namna hii, ni kama sahihi ya mkono wa mtu juu ya ardhi.

Lakini Izia ni mji pia. Tangu Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 na Sumbawanga kuwa makao makuu yake, watu wameongezeka, na nyua zimekuwa finyu. Tuchukue mfano wa nyumba moja, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote. Baba amekwisha kufariki. Mama ni mzee. Uani upo mparachichi ambao marehemu aliupanda mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Vijana wanataka kujenga vyumba vya kupangisha, ili wapate fedha za kumtunza mama na kuwalipia wadogo zao masomo. Mti umesimama pale pale panapotakiwa msingi. Tena mizizi imekwisha kuupasua ukuta wa jiko, na tawi moja limeoza. Vijana wanasema, "Mama, huu ni mti tu. Tutakupandia mwingine." Mama anajibu, "Kateni, wanangu. Lakini mniambie, baba yenu nitamkumbukia wapi?"

Tusiharakishe kumcheka mama, wala tusiharakishe kuwalaumu vijana. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli.

Vijana wanashika ukweli kwamba wajibu wa kwanza wa binadamu ni kwa walio hai. Kivuli hakilipi ada ya shule. Tawi lililooza likianguka usiku juu ya paa, halitauliza ni nani aliyeupanda mti. Na marehemu mwenyewe, kama alikuwa mzazi mwema, aliupanda mti kwa ajili ya watoto wake. Hakuwazaa watoto kwa ajili ya mti. Kuufanya mti uwe na haki kubwa kuliko watu wanaoishi chini yake ni kukipindua kile alichokikusudia mpandaji.

Mama naye anashika ukweli ambao ni mgumu zaidi kuueleza. Vijana wanadhani kwamba kumbukumbu hukaa kichwani, na kwa hiyo mti ukikatwa hakuna kinachopotea ila kuni. Lakini tukijichunguza tutaona kwamba kumbukumbu zetu nyingi hatuziiti kwa hiari. Huja zenyewe tunapoona kitu, tunaposikia sauti au tunaponusa harufu. Mama hakai kitako akasema, "Sasa nitamkumbuka mume wangu." Anapita uani alfajiri, anaona umande juu ya majani, na mara anakumbuka jinsi marehemu alivyozoea kuegemea shina lile akivaa viatu. Kumbukumbu hiyo haina mlango mwingine wa kuingilia. Ukiuziba mlango huo, haitakuwa imesahauliwa kwa kosa la mtu yeyote; haitaitwa tena, basi. Hii ni hasara ya kweli, na neno "mti tu" haliwezi kuifuta.

Wazee wetu katika sehemu nyingi za nchi waliutambua ukweli huu, na waliuweka katika mila. Katika makabila mengi, kitovu cha mtoto mchanga huzikwa nyumbani, na mpaka leo tukitaka kusema kwamba mtu ni wa mahali fulani kweli kweli, twasema kitovu chake kimezikwa pale. Wachagga wa Kilimanjaro hupanda isale kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi. Jani la mmea huo huo hupelekwa na mkosaji anapokwenda kuomba msamaha. Hivyo mmea mmoja wa bustani umebeba mambo matatu: ardhi, wafu na amani baina ya walio hai. Huko Bagamoyo, katika misheni ya kale, upo mbuyu uliofungwa mnyororo mwishoni mwa karne ya 19. Jinsi mti ulivyozidi kunenepa, gome lilizidi kuumeza mnyororo, hata leo kimebaki kipande kifupi tu kinachochungulia nje. Mgeni akioneshwa kipande hicho, hahitaji maelezo marefu ili aelewe maana ya mti kuhifadhi mambo yaliyopita.

Tena tunalo neno katika lugha yetu linaloyafumbata haya yote, nalo ni mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya wananchi walihamia katika vijiji vya maendeleo. Madhumuni yalikuwa kuwaweka watu karibu na shule, maji na zahanati. Lakini katika sehemu kadha wa kadha uhamisho ulifanywa kwa haraka, na watu hawakupewa nafasi ya kujiandaa. Vyombo vilipakiwa lorini, mbuzi wakapakiwa, hata milango ikang'olewa ikapakiwa. Mti haukuweza kupakiwa. Kuta za udongo ziliyeyuka kwa mvua chache, na kilichobaki kuonyesha kwamba pale palikuwa na watu ni mwembe, au safu ya minyaa iliyokuwa ua, ikiuzunguka uwanja usio na nyumba. Wazee wengi walirudi misimu iliyofuata kuchuma maembe ya mahame yao. Tusidhani walifuata maembe peke yake.

Basi, tukisema kwamba vijana wana ukweli na mama ana ukweli, je, hatujakwepa swali? Hapana. Tumelisogeza mbele. Yapo makosa mawili ambayo sasa twaweza kuyataja. La kwanza ni kudhani kwamba mti si kitu, kwa kuwa thamani yake haipimiki kwa fedha. La pili ni kudhani kwamba mti ndiye marehemu mwenyewe, na kwamba kuukata ni kumwua mara ya pili. Kosa la kwanza huwafanya watu kuwa wakavu wa moyo. Kosa la pili huwafunga walio hai kwenye shina, wasiweze kwenda mbele. Mti si kitu cha bure, wala si mtu. Mti ni amana. Na amana ina sheria yake: aliyewekewa aweza kuirudisha, aweza kuikabidhi kwa mwingine, lakini hawezi kuitupa kana kwamba hakuwekewa.

Hapa Ufipa yenyewe inatupa mafunzo, maana watu wa uwanda huu wana historia ndefu ya kuachana na vitu kwa utaratibu. Kabla ya majembe ya kiwandani kuenea, mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu. Matanuri hayo yalikula makaa, na makaa yalikula miti. Lakini mti ule ulitoka tanurini ukiwa chuma, na chuma kikawa jembe. Jembe nalo lilitumika katika kilimo ambacho kimeujulisha Ufipa kwa wataalamu wa kilimo, yaani kilimo cha intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima huyakata majani ya mbuga pamoja na udongo wake, akayageuza na kuyafukia ndani ya tuta la mviringo. Majani huoza humo polepole. Mvua za msimu unaofuata zinapofika, tuta hupasuliwa na kutawanywa, na ulezi hupandwa juu ya rutuba iliyotoka kwa majani yaliyokufa. Mkulima wa intumba hakuyahifadhi majani yakiwa yamesimama, wala hakuyachoma yakawa moshi. Aliyafukia ili yalishe.

Hata jina la mji lina fundisho. Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri kwa mgeni: tupa uchawi wako kabla hujaingia. Kumbe kutupa nako ni jambo la hekima, lakini kwa kile kilicho kiovu. Uchawi hutupwa, majani hufukiwa. Mtu asiyejua kupambanua kati ya cha kutupa na cha kufukia atatupa chakula chake mwenyewe.

Historia ya utawala wa Ufipa yaelekea kuko huko. Masimulizi ya kale yanakitaja kijiji cha Milansi kuwa ndicho cha kwanza, makao ya watawala wa mwanzo, na jina lake hufasiriwa kuwa kijiji kidumucho. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, ameandika jinsi masimulizi hayo yanavyoeleza kwamba utawala ulichukuliwa na wageni, nasaba ya Watwa, ilhali Milansi ikabaki na heshima yake ya kimila. Mamlaka yalihama, heshima haikung'olewa. Waliosimulia hivyo walijua kwamba mambo hubadilika, na walijua vile vile kwamba namna ya kubadilika ndiyo inayopima utu wa wanaobadilika.

Sasa tuurudie mparachichi wetu. Kila mkulima wa matunda anajua kwamba ukiotesha kokwa la parachichi, mti utakaoota hautakuwa sawasawa na mama yake. Huenda matunda yake yakawa madogo, au yakachelewa, au yakawa na ladha nyingine kabisa. Anayetaka matunda yale yale hana budi kubebesha. Huchukua kikonyo, yaani kijiti chenye macho kutoka mti mama, akakiunganisha na mche mchanga uliokwisha kujishikiza ardhini kwa mizizi yake mwenyewe. Kazi hiyo ina sharti moja lisilokwepeka: kikonyo hukatwa mti mama ungali hai. Shoka likitangulia, hakuna fundi awezaye kubebesha gogo kavu.

Twaona kwamba sharti hilo ni sharti la kuagana kokote. Watu wengi huomboleza baada ya mti kuanguka, na hapo wamekwisha chelewa. Kuaga ni kazi ya kabla. Kabla ya shoka, watoto na wajukuu na wakusanyike chini ya mti, na mama aulizwe: uliletwa kutoka wapi? Ni nani aliyeangukia mkono akiukwea? Mwaka wa njaa mlikula nini hapa? Ni posa ya nani iliyopokelewa katika kivuli hiki? Yatakayosemwa na yaandikwe na kijana anayejua kuandika. Vikonyo na vikatwe, kila mtoto apande kwake. Ubao wa shina na utengenezewe kigoda cha mama, na majani yafukiwe shambani. Hapo mti utakuwa umefanyiwa kama yanavyofanyiwa majani ya intumba.

Lakini lazima tuwe wakweli: mche huo mpya si mti ule. Shina aliloegemea marehemu limekwenda, na umande wa alfajiri hautaonekana tena pale pale. Anayemwambia mama kwamba hakupoteza kitu anamdanganya, na kumdanganya mzee katika huzuni yake ni kumnyima heshima. Kubebesha hakuondoi msiba. Kunachofanya ni kuufanya msiba uwe na uzao.

Tena katika kubebesha tunapata jibu la swali ambalo huwasumbua walimu na vijana, nalo ni jinsi utamaduni unavyorithiwa. Wapo wanaoamini kwamba utamaduni hurithiwa kama kokwa: mtoto azaliwe tu Ufipa, naye atakuwa na mambo ya Ufipa. Yaliyotokea katika miji yetu yanaonyesha vingine. Kokwa peke yake huota vyovyote. Utamaduni hubebeshwa kwa mkono, kwa makusudi, wakati wazee wangali hai, juu ya mizizi mipya ya vijana. Mizizi hiyo ni yao, nayo inanyonya udongo wa wakati wao, na hatuna haki ya kuwadai wawe na mizizi yetu. Twaweza kuwapa kikonyo. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliueleza utamaduni kuwa ndio kiini na roho ya taifa. Kuuweka utamaduni na vijana chini ya wizara moja kulikuwa na maana: kikonyo na mche vilikutanishwa.

Yapo mambo yanayovuka ukuta wa ua. Mara nyingi anayetaka mti ukatwe si mtoto wa nyumba, ni jamii nzima. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa katika miaka ya 2010, imeutoa uwanda wa Ufipa katika upweke. Mgonjwa, mahindi na kitabu vyote husafiri upesi kuliko zamani, na hatumjui mtu mwenye akili timamu ambaye angependa irudi kuwa tope. Lakini hakuna barabara isiyopita juu ya kitu cha mtu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mthamini huhesabu nyumba na mimea, na posho ya usumbufu hutolewa. Hilo ni jema. Hata hivyo hakuna safu katika fomu yake ya kuandika kwamba chini ya mti huu mtu fulani aliposwa. Wala haifai iwepo, maana kumbukumbu ikitiwa bei itauzwa, na siku moja itaghushiwa. Kile ambacho fomu haiwezi kukilipa, viongozi wanaweza kukitoa bila gharama: muda. Mwenye mti aambiwe mapema, aelezwe sababu, aachwe aage. Serikali yaweza kuuchukua mti kwa manufaa ya wote. Haki ya kuuaga haiwezi kuichukua bila kumpunguza raia wake.

Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano wa upande wa pili. Mwezi Novemba 2020, mugumo mkubwa uliosimama kando ya barabara ya Waiyaki mjini Nairobi ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu. Wananchi walipaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mti ubaki. Barabara ilijengwa, na mti ukabaki. Mfano huu hautufundishi kwamba kila mti ubaki. Unatufundisha kwamba swali likiulizwa mapema, pengine hupatikana njia ambayo haikuonekana kwenye ramani ya kwanza. Na pale ambapo njia haipatikani, tunao mfano wetu wa Ujiji. Mwembe unaosimuliwa kuwa Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871 ulikwisha kufa zamani. Lakini wanaozuru mahali pale huoneshwa miembe inayosemwa kuwa ni uzao wake. Mti ulikwenda, kivuli chake kikaendelea.

Ni nani basi mwenye neno la mwisho katika ua wa Izia? Kwa maoni yetu, wenye kuishi na matokeo ndio wenye haki ya kuamua kama mti ukatwe; lakini mwenye kumbukumbu ndiye mwenye haki ya kusema ni lini na kwa namna gani. Vijana wakimnyima mama haki hiyo, watajenga vyumba vyao juu ya dharau. Mama naye, akiitumia haki hiyo kuchelewesha bila mwisho, atakuwa ameigeuza amana kuwa kifungo. Mkono usioweza kuukata, ubusu, walisema wahenga. Sisi twasema kwamba hata ule mti unaoweza kuukata, na unaopaswa kuukata, ubusu kwanza.

Walimu wa shule zetu wana nafasi njema katika jambo hili. Mwanafunzi aweza kuagizwa aende nyumbani, auchague mti mmoja mkongwe, amwulize mzee mmoja habari zake, aziandike. Kazi hiyo haina gharama, tena itamfundisha historia, lugha na elimu ya mimea kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, itamketisha kijana karibu na mzee, wakati mzee angali hai na mti ungali umesimama. Wahenga walisema pia kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Kuyumba hatuwezi kukuzuia. Twaweza kuhakikisha kwamba wana wa ndege wamekwisha jifunza kuruka, na kwamba wanajua walikotagwa.